Ndeke ya Kambo

Nilikuwa na miaka 11 siku nilipomfanya marehemu babu yangu aonekane mwongo mbele ya watu wa kilio. Sikukusudia. Niliambiwa tu nihesabu, na kuhesabu nilikuwa najua.

Kwetu Lubumbashi babu tunamwita Kambo, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Wasahihishaji wa jarida letu wanivumilie. Nyanya pia ni kambo kwa lugha ya nyumbani, lakini yeye nitamwita Nyanya ili nisiwachanganye wasomaji. Kumwita Bibi siwezi, maana kwetu bibi ni mke wa mtu.

Ilikuwa siku ya tatu ya kilio, huko Katuba, saa za jioni, wakati watu wamekwisha kulia na wameanza kusimulia. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodisha chini ya hema, wanawake ndani kwenye mikeka. Jirani mmoja akasema haifai mzee azikwe bila watu kuiona tena ile kaye ya ndeke. Kila mtu wa barabara yetu aliijua kaye hiyo. Mimi ndiye niliyetumwa kuichukua juu ya kabati, kwa sababu nilikuwa ninajua ilipo.

Ilikuwa daftari la shule la zamani, jalada limeliwa na panya pembeni. Ndani yake Kambo alikuwa amebandika stempu kwa gundi ya unga wa muhogo. (Mkusanyaji wa kweli wa stempu angeiona gundi ile, angelia kutuzidi sisi wenye msiba.) Nyumbani hatusemi stempu, tunasema tembre, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa. Wenzetu wa Tanzania na Kenya walilitoa lao kwenye Kiingereza. Karatasi ni ile ile, lakini kila mmoja amebaki na neno la mzungu wake. Nyingi kati ya tembre za Kambo zilikuwa za Kongo ya Wabelgiji: vinyago, maua, wanyama. Chache zilikuwa zimepigwa chapa nyeusi KATANGA juu ya jina la zamani, kutoka ile miaka kati ya Julai 1960 na Januari 1963 ambapo mkoa wetu ulijiita nchi.

Katikati ya kaye, peke yake kwenye ukurasa, palikuwa na tembre moja ya bluu ya Ubelgiji, ya posta ya ndege, ya faranga 6. Inaonyesha ndege kubwa angani. Chini yake Kambo alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi za mtu aliyeacha shule mapema: NDEKE YANGU.

Hadithi yake tuliijua kwa moyo. Alipokuwa kijana, katika miaka ya 1950, alifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye uwanja wa Luano, mji bado ukiitwa Elisabethville. Kampuni sitaitaja, utaelewa mbele kwa nini. Alikuwa anasema alipakia "Dakota". Dakota ilibeba magunia ya posta, dawa, nyama, vipuri vya mashine, hata vifaranga vya kuku ndani ya makatoni yenye matundu. Tembre zenyewe alizipata kwenye kikapu cha takataka cha ofisi, akizibandua kwenye bahasha zilizotupwa. Na siku alipoiona hii ya bluu, alisema, alijua kwamba watu wa Ulaya nao wameitambua ndeke yake.

Basi kaye ikazunguka chini ya hema mkono kwa mkono, mpaka ikafika kwa baba mudogo wangu, mdogo wake baba. Yeye ni fundi wa magari, na wakati fulani alifanya kazi kwenye karakana ya ndege. Aliitazama, akaisogeza kwenye taa, akacheka puani. Akaniita.

"We mama, kuya hapa. Unajua kuhesabu?"

"Ndiyo, baba."

"Hesabia bantu motere ya hii ndeke."

Nikahesabu kwa sauti, kidole juu ya karatasi: "Moya, mbili, tatu, ine."

"Ine," akasema baba mudogo, akiwageukia wanaume. "Dakota iko na motere mbili. Mbili tu! Hii hapana Dakota. Muzee alikuwa anatucheza."

Watu walicheka. Haikuwa kicheko kibaya. Kwenye kilio watu hutafuta cha kuchekea, na mzee aliyewapumbaza wajukuu kwa miaka arobaini ni kitu cha kuchekea kwa upendo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale na kidole changu bado kwenye motere ya nne, na kupitia mlango wazi nilimwona Nyanya juu ya mkeka. Hakucheka. Kesho yake kaye haikurudi juu ya kabati. Aliifunga kwenye kitenge cha zamani, akaisukuma chini ya kitanda, na tangu siku ile sikumsikia tena akisimulia habari za Luano. Na kama mtu mwingine alianza kuzisimulia, alikuwa anainuka kwenda kuangalia chungu kwenye makaa.

Miaka ikapita, nikaingia chuoni. Katika mwaka wa pili mwalimu wetu wa simulizi alitupa kazi: kila mmoja achukue kitu kimoja cha nyumbani kwao na aandike kinachosemwa juu yake, nani anakisema, kwa maneno gani hasa. Wenzangu walileta kinu, fimbo ya chifu, picha ya harusi, cherehani. Mimi nilijua moja kwa moja ni kitu gani, na nilijua pia kwamba kitanitia aibu. Nilitaka kuandika juu ya uongo mzuri wa mzee. Kichwa cha kazi nilikwisha kukitunga hata kabla ya kuanza, jambo ambalo mwalimu alikuwa ametukataza.

Ili niuonyeshe uongo ilinibidi nijue ukweli, kwa hiyo nikaanza kusoma habari za ndege hizo mbili.

Dakota ni jina ambalo Waingereza waliipa wakati wa vita ndege ya Kimarekani, Douglas DC-3. Iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 huko Santa Monica, California, miaka 32 kamili, siku kwa siku, tangu ndugu Wright waruke kwa injini. Kampuni ya American Airlines ilikuwa imeomba ndege ya vitanda, ya kusafirisha abiria usiku wakiwa wamelala. Douglas wakapanua ile iliyotangulia, DC-2, wakapata ndege ya vitanda 14, au ya viti 21 kwa safari za mchana. Bati tupu, mabawa ya mita 29 toka ncha hadi ncha, injini mbili. Katika zile zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi kila injini ilikuwa na silinda 14 na nguvu za farasi zipatazo 1,200.

Kuna jambo moja hapo lililonifurahisha kama msomaji wa mambo ya posta. Kabla ya DC-3, makampuni ya ndege ya Marekani yaliishi kwa barua. Serikali iliyalipa kubeba magunia ya posta, na abiria walikuwa kama kitoweo pembeni ya bukari. DC-3 ndiyo ndege ya kwanza iliyoweza kuleta faida kwa abiria peke yao. Kwa maneno mengine, ndege iliyoyaachisha makampuni ziwa la posta ndiyo ambayo posta za nchi nyingi zilikuja kuibandika kwenye barua. Marekani wenyewe waliiweka mwaka 1997, kwenye karatasi moja ya stempu 20 za ndege zao za zamani, kila stempu senti 32.

Vita vilipokuja, ndege ile iliimarishwa sakafu, ikatiwa mlango mpana wa mizigo upande wa kushoto nyuma, ikaitwa C-47. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000 za aina hiyo. Zilimwaga askari wa miavuli Normandy mwaka 1944, na zilikuwa kati ya zile zilizolisha Berlin mwaka 1948. Vita vilipokwisha zikauzwa kwa bei ya kutupa, na kila aliyetaka kuanzisha kampuni ya ndege duniani alianza nazo. Sabena ya Wabelgiji ilizitumia katika Kongo, kuunganisha miji ambayo barabara haikuiunganisha. Baada ya uhuru Air Congo ilizirithi, na Umoja wa Mataifa nao ulikuja na zake mwaka 1960. Nchi yetu, kwa ukubwa wake na njia zake, ilikuwa imeanza mapema kutegemea angani: tangu 1920 palikuwa na ndege za kutua majini zilizofuata mto kutoka Léopoldville, na mwaka 1925 Edmond Thieffry alitoka Bruxelles akafika Léopoldville kwa siku 51. Siku 51! Mjomba wangu mmoja alisafiri kutoka hapa hadi Kinshasa kwa treni, boti na lori, akazipita.

Hiyo ndiyo ndege ya motere mbili. Ile ya tembre ya bluu nayo niliipata kwa urahisi. Ni Douglas vilevile, lakini DC-4: kubwa zaidi, motere nne. Ubelgiji iliitoa stempu hiyo mwaka 1946, mwaka ambao Sabena ilianza safari ya kwenda New York kwa DC-4. Marekani nao mwaka huo huo walitoa ya senti 5, nyekundu, yenye ndege hiyo hiyo. Ukifikiri, inaeleweka. Posta huweka kwenye stempu kitu inachojivunia leo, na mwaka 1946 hakuna aliyejivunia DC-3. Ilikuwa kama baiskeli: ipo kila mahali, inafanya kazi zote, nani aichore? Picha ilikwenda kwa ile mpya inayovuka bahari. Ya zamani ingesubiri mpaka watu waanze kuikumbuka.

Kwa hiyo baba mudogo alikuwa na haki. Niliandika hivyo kwenye daftari langu: motere nne, DC-4, 1946, Kambo alikosea au alidanganya. Nilikuwa nimebakiza kurasa mbili tu za kazi yangu.

Kilichonisumbua ni picha. Nilikuwa nimezoea kuona DC-3 kwenye stempu, na kwenye stempu karibu zote nilizozitazama ndege iko angani, imenyooka, safi, mawingu nyuma. Usiku mmoja, kwenye simu ya mwenzangu wa chumba kwa sababu yangu ilikuwa imekwisha moto, nikaona picha ya DC-3 chini, kwenye uwanja. Nikasimama kitandani.

Ndege ile haikai kama ndege tunazozijua sasa. Zile za sasa zina gurudumu chini ya pua, na zinakaa sawa kama basi. DC-3 ina magurudumu mawili makubwa chini ya mabawa, na la tatu, dogo, chini ya mkia. Kwa hiyo pua iko juu na mkia uko chini kabisa karibu na ardhi. Mlango uko nyuma. Ukiingia kwa mlango huo, sakafu iliyo mbele yako inapanda hadi kwa rubani. Gurudumu lile la mkia halikunjwi hata angani. Ukiwa na stempu iliyochorwa na mtu makini unaweza kuliona likining'inia.

Na mimi nikakumbuka maneno ya Kambo. Si yale ya tembre. Yale mengine, aliyokuwa anasema kila mara na ambayo hakuna aliyeyatilia maanani kwa sababu hayakuwa na ndege wala mzungu ndani yake.

Alikuwa anasema: "Mule mwa ndeke, mama, unapanda mulima."

Alikuwa anasema kwamba kazi ngumu si kuingiza mzigo mlangoni. Mlango uko chini, lori linarudi nyuma, unaingiza tu. Kazi ngumu ni kuupandisha. Mizigo mizito haitakiwi kubaki mkiani, la sivyo ndeke haitainuka vizuri, itaanguka. Inatakiwa ifike mbele, usawa wa mabawa. Basi watu wawili wanasukuma kwa chini na mmoja anavuta kwa kamba kutoka juu, na kapita anapiga kelele "Pandisha! Pandisha!" Sisi watoto tulicheza mchezo huo kwenye lundo la mchanga la jirani aliyekuwa anajenga. Pandisha, pandisha. Nilidhani anatia chumvi. Ndege ina mlima wapi?

Na kidole chake. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kwa ndani kama ndoano, hakinyooki. Sanduku la vipuri, alisema, lilikuwa limefika karibu na juu, kamba ikakatika, likatelemuka mpaka mlangoni likambana na ukuta. Ndeke ilikuwa imesimama, motere zimezimwa. Kampuni ilimfunga kidole kwa kitambaa, ikamkata siku mbili za mshahara kwa vipuri vilivyovunjika. Ndiyo sababu siitaji.

Sasa niambie: sanduku linatelemuka vipi ndani ya ndege iliyosimama, kama sakafu yake ni sawa? Ndani ya DC-4, iliyo na gurudumu la pua, sanduku lingekaa pale ulipoliacha. Huko kazi ingekuwa ya kuinua, kwa sababu mlango uko juu sana kutoka ardhini, lakini ukishaingia ndani unatembea kama ukumbini. Mtu aliyepakia ndege hiyo angesimulia habari za kuinua. Kambo kwa miaka yote hakusema kuinua. Alisema kupandisha, na kutelemuka, na mlima.

Darasani tunafundishwa kwamba msimulizi hubadilisha majina kwa urahisi. Mfalme huyu anachukua mahali pa yule, mto unahamia nchi nyingine. Sikuwa nimewahi kuuliza vitenzi vinakwenda wapi. Jina la ndege Kambo alilisema sawa, picha aliikosea, na vitenzi vilikaa mwilini mwake na kwenye kidole kile. Kama angetunga uongo kwa kutazama ile tembre, angetunga uongo wa ndege iliyonyooka.

Lazima niseme pia upande mwingine, maana mwalimu aliniandikia swali hilo kwa wino mwekundu. Mtu yeyote aliyepita karibu na Luano miaka ile aliweza kuona kwamba ndege inakaa pua juu. Kweli. Lakini aliyeiona kwa mbali angesema imeinua kichwa. Habari ya mzigo mzito kwenda mbele, ya kamba kutoka juu, ya watu wawili chini na mmoja juu, hiyo haionekani ukiwa nyuma ya waya. Labda alisimuliwa na rafiki. Siwezi kulifunga jambo hili kwa kufuli. Nilichoweza kuandika ni kwamba tembre haina nguvu ya kumshitaki, kwa sababu tembre haikuwa ushahidi wake kamwe. Ilikuwa pambo tu. Alitafuta picha ya ndeke yake kwenye kikapu cha takataka, hakuipata kwa kuwa hakuna aliyeichora, akachukua ya ndugu yake.

Kwa nini hakuhesabu motere? Nimejiuliza sana. Mtu aliyezikaribia kila siku alijua ni mbili. Ninafikiri alijua. Ninafikiri hakujali, kama vile mama anavyobandika ukutani picha ya Bikira Maria mwenye nywele za dhahabu bila kuuliza kama alikuwa nazo. Lakini hapo ninabahatisha.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Katuba. Nilipita kwanza mjini, Posta. Tunaiita hivyo, tunapeana miadi pale, taksi zinapaita hivyo, na sijui rafiki hata mmoja wa umri wangu aliyewahi kutuma barua. Kwenye kibanda cha fotokopi nikatoa picha ya DC-3 ikiwa chini, mlango wazi. Faranga za kutosha kwa moja ya rangi sikuwa nazo, nikatoa nyeusi na nyeupe.

Nyanya alikuwa uani akichambua maharagwe. Sasa haoni vizuri. Nilikaa kwenye kigoda, nikamsaidia kidogo, na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaanzia mahali pabaya.

"Nyanya, ile kaye bado iko?"

Hakujibu. Akaendelea kutoa mawe.

"Nyanya, mimi njo nilihesabu motere. Ile siku ya kilio."

"Ulikuwa mutoto."

"Nilihesabu muzuri. Lakini tulihesabu kitu chenye hakikuwa."

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikirukaruka, na maneno ya darasani yaliingia mdomoni bila ruhusa. Alikuwa anasikiliza mikono yake ikiwa ndani ya maharagwe. Nikampa ile karatasi. Akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali, akaigeuza kuelekea jua.

Akasema: "Inakaa sawa imbwa."

Sikuelewa.

"Alikuwa anasema vile. Alinipelekaka kuiona siku moya, mbele tuoane, tukasimama kule kwa waya. Akaniambia, unaona, inakaa sawa imbwa. Matako chini, pua juu, inangoja bayipe kitu ya kula."

Mimi niliishi na Kambo miaka 11 na hakuwahi kuniambia hilo la mbwa. Hata kwenye kazi yangu halimo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuipeleka. Ninaliandika hapa.

Baba mudogo alifika jioni, kama anavyofanya kila Jumamosi, na mkate chini ya kwapa. Nilimwonyesha picha kabla hajaketi. Yeye ni fundi; hakuhitaji maelezo mengi. Nilipofika kwenye sanduku lililotelemuka aliinua mkono ninyamaze, akaitazama karatasi muda mrefu, kidole chake kikifuata mstari wa chini wa ndege, kutoka mkiani kwenda juu. Nilimwona anapima.

"Hii haionyeshe asema alikuwa anapakia," akasema mwishoni.

"Apana, baba. Haionyeshe."

"Lakini kile kidole," akasema. Akanyamaza. Kisha akauliza kama ninaweza kumtumia ile picha kwenye simu yake, ya rangi ikiwezekana, na akaingia ndani kumsalimia mama yake. Walikaa huko muda. Sikusikia walichosema, na sikukaribia mlango.

Usiku Nyanya alinituma chini ya kitanda. Kitenge kilikuwa na vumbi, kaye ndani yake haikuwa imeharibika zaidi ya ilivyokuwa. Nikaifungua ukurasa wa katikati. Nilidhani kazi yangu ni kurekebisha: nitoe tembre ya bluu polepole kwa maji ya uvuguvugu, kama nilivyosoma wakusanyaji wanavyofanya, niihamishie kwenye ukurasa wa mwisho pamoja na nyingine za Ubelgiji, kisha fotokopi nikate kwa makasi niiweke mahali pake. Nilikuwa nimekwisha kuchukua kikombe cha maji.

"Unafanya nini?" Nyanya akauliza.

Nikamwambia.

"Usitoe ile," akasema. "Ile njo aliweka yeye. Ingine bandika pembeni."

Palikuwa na nafasi pembeni, kidogo. Nilikata fotokopi mpaka ikatosha, mabawa yakakatika ncha. Tukakoroga unga wa muhogo kwenye kifuniko cha chupa.